Jela Si Dawa ya Chang'aa

Hapa Nyamache, karao wakifanya msako wa chang'aa na kuondoka na watu, kuna sentensi lazima utaisikia: "Wacha aende ndani anyooke." Wazee wanaisema, akina mama wanaisema, hata wasee wa steji ya boda wanaisema huku wakicheka. Ukibisha kidogo unaongezewa methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mimi hiyo sentensi naipinga. Na kabla hujaniita mtetezi wa walevi, ngoja kidogo. Naishi hapa. Chuo niliwachana nacho nikarudi nyumbani, na wengi wa rika langu wanaokunywa nawajua kwa majina. Nimeona mtu akichuna majani chai mwaka mzima, bonasi inaingia, na kabla wiki iishe nusu imeenda kwa chang'aa. Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo ambayo baba aliinywa. Hasira ya watu naielewa, hata mimi ninayo. Swali langu ni moja tu: jela inamtoa mtu kwenye pombe? Jibu langu ni hapana. Inampumzisha tu. Na kumpumzisha mraibu bila kumtibu ni hatari kuliko tunavyodhani.

Tuanze na siku ya kwanza.

Mtu anayekunywa chang'aa kila siku, asubuhi mpaka usiku, mwili wake umeshaizoea. Ukimkatia ghafla, mwili unaasi. Wasee wa pwani wanaotumia unga wanaiita hiyo hali arosto. Wengi wetu tunadhani arosto ni ya heroini peke yake. Ukweli ni kwamba ya heroini inatesa vibaya, lakini ya pombe ndiyo mara nyingi inaweza kukuua. Ndani ya siku moja baada ya glasi ya mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, mtu anatapika. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine wanachanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu ambao hawapo, mwili unachemka, moyo unakimbia. Wasipopata dawa, wengine hufa.

Sasa linganisha hizo siku na kalenda ya polisi. Katiba yetu, kifungu cha 49, inataka ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini hizo saa zikiishia siku ambayo korti haifanyi kazi, utangoja mpaka siku ya korti. Kwa hivyo msee akibebwa Ijumaa jioni, analala kwa seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Zile siku ambazo mwili wake unaasi zaidi ndizo hizo hizo yuko sakafuni, mlango umefungwa, na hakuna anayejua kinachomfanyikia. Akianza kupigia kelele vitu visivyokuwepo, mahabusu wenzake watasema ana mapepo, au anajifanya ndio aachiliwe. Mwenye bahati ataachwa alale. Asiye na bahati atachapwa anyamaze.

Na tiba yake si kitu cha ajabu. Ni diazepamu, ikipimwa na mhudumu wa afya na kupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, vitamini B1, maji ya kutosha, na mtu wa kumwangalia. Hata kumtambua anayehitaji hiyo tiba si kazi ngumu. Shirika la Afya Duniani lina fomu inaitwa AUDIT, ya kupima kama unywaji wa mtu umefika mahali pa hatari. Ina maswali kumi. Mtu anaweza kuulizwa pale pale anapoandikisha jina na kuvua mshipi na viatu. Tunamhesabia pesa zilizo mfukoni, tunashindwa kumuuliza alikunywa mara ya mwisho lini?

Sasa tuseme amevuka hizo siku, kama wengi wanavyovuka. Amehukumiwa, faini imemshinda, amefungwa miezi michache, halafu anarudi. Hapa ndipo mtaa mzima hudanganyika.

Kuna jamaa wa hapa kwetu alirudi hivyo. Mashavu yamejaa, macho meupe, anasalimia watu kwa heshima. Nyumbani wakachinja kuku. Watu wakasema, mnaona sasa? Jela imemnyoosha. Wiki mbili hazikuisha akawa analala mtaroni tena, na wale wale wakageuka wakasema huyo ni hulka yake, hasikii. Mimi nilimuuliza huko ndani alifanyiwa nini. Alilima, alipika, alihesabiwa asubuhi na jioni. Kuhusu pombe, hakuna mtu aliyemkalisha chini hata siku moja amuulize alianza lini, anakunywa akiwa na nini moyoni, na akitoka atapita njia gani kwenda nyumbani ndio asikutane na jerikani.

Kukosa pombe na kuacha pombe ni vitu viwili. Ndani hakuchagua chochote, alikosa tu. Siku yake ya kwanza ya kuacha kwa kweli ni siku geti linafunguliwa, na siku hiyo ndiyo tunamwacha peke yake.

Hizi si hisia zangu tu. Mwaka wa 2007 ulichapishwa utafiti wa watu waliotoka jela katika jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza nje, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na kilichoua wengi zaidi ni kuzidisha dawa za kulevya. Sababu ni rahisi kuielewa: mwili umesahau, mkono haujasahau. Mtu anarudia kipimo alichokuwa akitumia kabla hajafungwa, na mwili haukiwezi tena. Hata chang'aa iko hivyo. Glasi nne za zamani si glasi nne za leo.

Jimbo lingine la huko huko, Rhode Island, lilibadilisha mambo mwaka wa 2016. Wafungwa waliokuwa na uraibu wa heroini na jamaa zake wakaanza kupewa dawa za matibabu wakiwa ndani, na wakitoka wanaunganishwa na kliniki waendelee. Mwaka uliofuata, vifo vya kuzidisha dawa kati ya watu waliotoka jela karibuni vilipungua kwa takriban 60%. Wafungwa ni wale wale na mtaa ni ule ule, tofauti ni kwamba tiba ilianzia ndani na ikawafuata nje.

Najua utasema hayo ni ya Marekani, huku ni Kenya. Sawa, twende Mombasa. Kenya ilianza kutibu waraibu wa heroini kwa methadoni mwaka wa 2014, hospitali ya Mathari, Nairobi. Ni dawa unayokunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, mtu anaweza kufanya kazi na kulala. Shida ikawa, mgonjwa akishikwa na kufungwa, dozi yake inakatika. Leo gereza la Shimo la Tewa lina kliniki ya methadoni. Ni gereza la Kenya hii hii, na askari jela ni wa idara ile ile inayosimamia jela ya Kisii. Kwa hivyo hakuna mtu atuambie haiwezekani.

Lakini tusidanganyane, methadoni haitasaidia Nyamache sana. Hiyo ni ya heroini. Shida yetu hapa ni chang'aa na bhangi. Bhangi haina dawa ya kuikata, tiba yake ni mazungumzo na mshauri anayejua kazi. Pombe inataka zile siku chache za kuangaliwa na daktari, halafu ushauri wa miezi, kikundi cha wenzako wanaopigana vita hivyo hivyo, na mtu wa kukupokea ukitoka. Ukiangalia vizuri, hiyo ni rahisi kuliko methadoni. Inataka watu zaidi kuliko mitambo.

Na angalia mahali maskini anaweza kuipata hiyo tiba leo. Kituo cha matibabu cha NACADA kiko Miritini, Mombasa, upande wa pili wa nchi. Vituo vya watu binafsi vinataka pesa ambazo familia ya mchuna chai haina. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya sita, wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kilevi kimoja. Kwa hivyo kwa wengi wa vijana wa huku, mara ya kwanza serikali inakutana na uraibu wao ni kwenye mlango wa seli. Serikali inakaa naye miezi mitatu, inamlisha, inamhesabu usiku na mchana, inajua alipo kila dakika. Hakuna daktari wa nje aliye na nafasi kama hiyo. Halafu tunaipoteza yote, tunamrudisha na ugonjwa ule ule aliokwenda nao.

Sheria yenyewe imeshafungua mlango. Sheria ya pombe ya 2010, ile watu wanaiita ya Mututho, inasema ukipatikana mlevi na mwenye fujo hadharani unaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500 au kufungwa hadi miezi mitatu. Lakini inasema pia kwamba ukirudia zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12, korti inaweza kukuagiza upitie mpango wa urekebishaji katika hospitali ya umma. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 nayo inamruhusu hakimu, akiona aliyehukumiwa ni mraibu, aagize sehemu ya kifungo itumike kwenye kituo cha urekebishaji. Hakimu anaweza kuagiza, lakini agizo bila kituo cha karibu ni karatasi tu. Hapo ndipo kaunti na serikali kuu wanafaa kuulizwa.

Kuna jambo moja linalosemwa sana na nataka kulijibu bila kulikwepa: "Alianza kunywa mwenyewe, kwa nini ushuru wangu umtibu?" Ni kweli, glasi ya kwanza alijimiminia. Lakini ushuru wako tayari unamlipia. Unalipa msako, gari la polisi, korti, chakula cha jela, halafu anatoka na unalipa tena msako wa pili. Jamaa akifungwa mara nne, umemlipia mara nne na hujapata chochote. Kumtibu mara moja ndio njia ya kubana hiyo pesa. Na aliyepiga mke wake bado atumikie kifungo chake, hapo sina ubishi. Ninachosema ni kwamba mke huyo ndiye anayemhitaji arudi akiwa ametibiwa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu nyumba anayorudi ni yake.

Ninachotaka si kingi. Maswali kumi kwa kila anayeingia seli. Dawa za siku nne za kwanza kwa anayezihitaji. Mshauri wa uraibu anayefika jela kila wiki, na kikundi cha wafungwa wenyewe. Na kabla geti halijafunguliwa, jina la mtu mmoja, kwenye hospitali ya karibu na kwao, anayejua huyu anatoka lini.

Wewe unayesoma hii pia kuna kitu unaweza kufanya leo. Kaka, mjomba au jirani yako akishikwa, na unajua anakunywa kila siku, usinyamaze kwa aibu. Mficha uchi hazai. Nenda kituoni umwambie afisa wa zamu kwa lugha rahisi: huyu anakunywa kila siku, akikatiwa anaweza kuanguka kifafa, naomba apelekwe hospitali akianza kutetemeka. Omba iandikwe. NACADA wana namba ya bure, 1192, piga uulize ufanye nini. Na akitoka, usimngoje na kuku peke yake. Mfuate getini, mrudi pamoja, mpite ile njia isiyo na jerikani, na zile wiki mbili za kwanza zihesabu siku kwa siku.

Na siku nyingine ukisikia mtu akisema "wacha aende anyooke," muulize swali moja tu: huko ndani nani atamnyoosha, na kwa dawa gani?