Mzee Auliza: Mambo Gani Hayo?

Mzee mmoja wa Bunda, mfanyakazi aliyemsomesha mwanawe kwa mshahara mdogo, alinionyesha hivi karibuni andiko la kijana huyo la kumalizia chuo. Jaladani palisomeka: “Uchunguzi Kuhusu Baadhi ya Mambo Yahusuyo Uvuvi na Maendeleo ya Wananchi wa Kanda ya Ziwa.”

“Mwanangu,” akauliza mzee, “mambo gani hayo?”

Kijana akainamisha kichwa. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kumrudishia andiko kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe ndani mna kazi nzuri! Alishinda katika mialo ya Musoma akiwauliza akina mama wachuuzi ni dagaa kiasi gani huwaozea wakati wa masika, maana huanikwa mchangani na jua huwa haba.

Tazama jinsi jina lilivyoifunika kazi. “Uchunguzi kuhusu” halina faida, kwa kuwa kila andiko la chuo ni uchunguzi. “Baadhi ya mambo” ni pazia tu. “Kanda ya Ziwa” ni ahadi asiyoweza kuitimiza, kwani Mwanza na Bukoba hakufika. Na neno dagaa, ambalo mtu angelitafuta maktaba au katika kompyuta, halimo kabisa!

Mfano mwema haukuwa mbali naye. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikuwa fundi wa majina. Kijitabu chake cha mwaka 1962 alikiita “Tujisahihishe”. Hakusema “jisahihisheni”, kwa silabi moja ya mwanzo alijitia mwenyewe miongoni mwa wenye makosa. Mwaka 1969 ilipotoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, aliuita “Mabepari wa Venisi”. Bepari hapo kale alikuwa mchuuzi tu, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha kila msomaji alijua anaonyeshwa nani. Tena mfanyabiashara mmoja akawa wengi.

Hata hivyo mwanafunzi asiige ufupi huo bila kufikiri. Mwalimu alikuwa kiongozi. Neno lake moja lilitosha kusomwa. Asiyejulikana hana budi kutaja kitu alichokichungua, mahali, na ikibidi majira. Tena, kwa maoni yangu, jina kamili lichaguliwe mwishoni, kazi ikiwa imekwisha kuonyesha ilichokipata.

Tuliketi watu watatu, tukafuta na kuandika upya. Likabaki hili: “Upotevu wa Dagaa Wakati wa Masika katika Mialo ya Musoma.”

Mzee akalisoma mara moja. Akasema mama wa kijana alikwisha kupata hasara hiyo zamani, karai kwa karai, naye angependa kujua wenzake hupoteza kiasi gani. Kijana akavuta kiti karibu na baba yake, akafungua ukurasa wa hesabu.