MNATUUZIA VINANDA AMBAVYO NYIE WENYEWE HAMVIPIGI!

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, huo tutaula wiki ijayo. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu vinanda. Usikimbie. Hata kama hujui do wala re, hela iliyoliwa hapa inaweza kuwa ya mchango wako.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, mpiga kinanda, jina simtaji ila mnamjua. Akipanda na waimbaji wakubwa wa injili simu zote ziko juu. Kila baada ya miezi michache anapiga picha na kinanda kipya, nailoni bado haijabanduliwa, anaandika kwamba piano ya humu ni kama piano ya kweli kabisa, na chini kaweka namba ya duka. Vijana wanamiminika. Mmoja aliandika "kaka nauza pikipiki yangu nikichukue". Akawekewa kialama cha moto, basi.

Sasa mwaka jana nilikuwa kwenye tamasha moja Dar, nikapita nyuma ya jukwaa kwa sababu fundi mitambo ni mshkaji wangu. Kaka yetu alikuwa anapiga wimbo wa taratibu, piano tupu, watu wanalia. Nikachungulia. Chini ya kinanda, ndani ya kitambaa cheusi, kuna laptopu. Waya wa USB umetoka kwenye kinanda umeingia kwenye laptopu, na sauti ya piano inatoka kwenye laptopu inaenda kwenye miksa. Kinanda chenyewe kazi yake ilikuwa ngoma na besi kwenye nyimbo za kuchangamka. Piano tuliyoililia wala haikuwa ya kwake.

Kutumia laptopu sio kosa, wapigaji wa dunia nzima wanafanya hivyo. Kosa ni kuamka kesho yake ukamwambia mtoto wa watu auze pikipiki anunue kinanda kwa ajili ya piano ambayo wewe mwenyewe umeikimbia.

Na sisemi hivi kwa wivu, kabla hamjaanza. Nasema kwa sababu ya kijana mmoja wa Mbagala, rafiki yangu, anapiga kwaya ya vijana. Walikuwa na kinanda cha zamani, ridhimu zake safi tu, shida ilikuwa piano. Kwenye nyimbo za ibada ilikuwa inalia kama kengele ya baiskeli. Wakachanga miezi saba. Dada zetu waliuza maandazi getini kila Jumapili. Ikapatikana milioni moja na laki nne. Kijana akamwambia mwenyekiti, "Mzee, naomba tukakisikilize kwanza." Mwenyekiti akamjibu, "Mwanangu, kama anayepiga na wakubwa amekisifia, wewe unataka kusikiliza nini zaidi?" Kikanunuliwa kile cha kwenye picha.

Pasaka ikafika. Wimbo wa taratibu, kijana kakanyaga pedali, kaweka piano na nyuzi kwa pamoja, na ridhimu laini inatembea chini. Noti zikaanza kukatika. Anapiga kodi (sio ya nyumba jamani), ile ya nyuma inakufa kabla ya wakati wake. Kanisa zima likamgeukia. Wiki iliyofuata akaambiwa apumzike kidogo, "ajifunze kwanza". Mpaka leo anapumzika. Kinanda kipo, kinapigwa na mtoto wa mzee fulani.

Kijana hakukosea kitu. Kile kinanda kina polifoni 48, yaani kinaweza kutoa sauti 48 kwa wakati mmoja, basi. Unaona 48 ni nyingi kwa sababu una vidole kumi. Hesabu vizuri. Kwenye vinanda vingi piano ya stirio inakula mbili kwa kila noti. Kodi ya noti tano, hiyo kumi. Ukiwa umekanyaga pedali noti za nyuma bado ziko hai, kodi tatu tu tayari thelathini. Ongeza nyuzi ulizopandisha juu ya piano. Halafu ngoma, besi, gitaa la ridhimu, wote hao wanakula sahani hiyohiyo. Ikijaa, kinanda kinaua noti za zamani kipate nafasi ya mpya. Hicho ndicho kilichosikika Pasaka.

Na hii namba haijafichwa, ipo kwenye karatasi ya kila kinanda, ila kwenye matangazo huioni. Utaonyeshwa idadi ya sauti na staili. Chukua Yamaha PSR-E373: sauti 622, staili 205, polifoni 48. Ni kinanda kizuri sana cha kujifunzia, sina ugomvi nacho. Ila niambie, kwenye hizo 622 kwaya yenu inatumia ngapi? Piano, nyuzi, ogani, tarumbeta, labda na gitaa la sebene. Zilizobaki ni za kuwachekesha watoto. Ukipanda kwenye PSR-SX600 unakuta 128. SX700 na SX900 ni hizohizo 128. DGX-670, ambayo ni piano yenye staili ndani, ina 256.

Ila nisiwadanganye na mimi kama yeye. Namba peke yake haileti piano. Piano ya kinanda ni piano halisi iliyorekodiwa, noti kwa noti, kwa kupigwa polepole, kwa wastani, na kwa nguvu. Kinanda cha bei chee kinabana: kinarekodi noti chache kinazivuta zifunike na za jirani, na nguvu za kupiga zinakuwa moja au mbili. Kwa hiyo ukipiga kwa nguvu sauti inapanda tu, kama umeongeza volyumu ya redio. Piano ya kweli ukiigonga kwa nguvu inabadilika tabia, inakuwa kali na inang'aa. Ukiibembeleza inakuwa na giza fulani hivi. Ndiyo inayowaliza watu hiyo.

Halafu kuna vidole. Hizi PSR zote nilizotaja zina funguo 61, nyepesi. Piano ina 88, na kila ufunguo una nyundo yake na uzito wake. Hata uwe na sauti ya dhahabu, kwenye funguo nyepesi kidole hakina cha kupambana nacho, unajikuta kila kitu unapiga kwa nguvu ileile. DGX-670 ina 88 zenye uzito, ila sasa ina kilo 21 na ushee. Ubebe hiyo kwenye bodaboda kutoka Mbagala mpaka Kigamboni halafu uje unishukuru. SX900 ni kilo 11 na nusu. Haya ndiyo mambo ya kukaa na kwaya mkaamua: kinanda kinakaa kanisani au kinazunguka na harusi?

Kwa hiyo ukienda dukani, muuzaji akibonyeza demo, mwambie kaka asante, zima. Ile demo imetengenezwa na watu wanaojua kuficha kila udhaifu. Zima ridhimu. Zima mwangwi pia, maana mwangwi ni kama filta ya picha, kila mtu anatoka mzuri. Chagua piano ya kwanza kabisa. Gonga ufunguo mmoja taratibu, kisha kati, kisha kwa nguvu, sikiliza kama ni volyumu tu. Shika noti nene ya kushoto usiiachie, hesabu. Ikifa haraka, au ikianza kuzunguka uu-uu-uu kama feni, umeshajua. Halafu kanyaga pedali, washa ridhimu, pandisha nyuzi, upige kodi nyingi uone nani anakatika. Dakika kumi. Muuzaji akikunja sura, Kariakoo ina maduka mengine.

Kuna kitu kingine kinachoua piano na hakihusiani na kinanda. Makanisa mengi yanachomeka waya mmoja tu kwenda kwenye miksa. Piano ya stirio ikibanwa kwenye waya mmoja mara nyingi inakuwa na uwazi katikati, kama mtu anaimba ndani ya ndoo. Chomeka waya mbili, kushoto na kulia. Kama miksa haina nafasi, tafuta ndani ya kinanda kama kuna piano ya mono. Nimeona watu wamebadilisha vinanda viwili kwa tatizo la waya wa elfu kumi na tano!

Na ile milioni moja na laki nne? Ningekuwa mimi, kinanda cha zamani kisingeuzwa. Kingebaki na ridhimu zake, na pembeni ningetafuta piano ya umeme iliyotumika, mfano Yamaha P-45, funguo 88 zenye uzito, haina staili wala mbwembwe. Polifoni yake ni 64 tu, lakini zote ni za piano, hazigawani na mpiga ngoma. Ubaya wake haina tundu la kutolea sauti kwenda kwenye miksa, unatumia la hedfoni. Au basi fanya kama kaka mkubwa: laptopu, programu ya piano, waya wa USB. Ila kama ni Windows weka draiva ya ASIO, bila hiyo unapiga leo sauti inatoka kesho.

Najua mtakuja na "acha kumchafua, mtu anatafuta ridhiki". Atafute. Duka likimlipa apige picha, aseme nimelipwa. Na aseme piano ya tamasha ilitoka wapi, ili mwenyekiti wa kwaya asimwone kijana wake ndiye hajui. Dada zangu waliouza maandazi miezi saba wana haki ya kuijua hiyo sentensi moja.

Kaka, tamasha lijalo na mimi nitakuwepo. Kile kitambaa cheusi kiache nyumbani. Wengine povu ruksa hapo chini, na kama kuna kwaya inatafuta mpiga kinanda, kuna kijana wa Mbagala anapumzika.