Afya na Nyumba: Mashine ya Chipsi Inapojizima Yenyewe



Mwezi huu tuache kidogo mambo ya chanjo na lishe, tuzungumze juu ya mashine ya umeme ya kukaangia chipsi. Biashara hii inawalipia watoto wengi ada, hasa pale Nyakanazi, Benaco na Rusumo ambako malori ya safari ndefu hupumzika. Swali ninaloletewa na akina mama ni hili: "Mashine inajizima katikati ya kazi na wateja wamesimama. Fundi anataka kuiondoa ile swichi ya usalama na kuunganisha waya moja kwa moja. Nimruhusu?"

Usimruhusu, mama.

Mashine hiyo ina vilinzi viwili. Cha kwanza ni themostati, ile swichi ya kuzungusha. Hukata umeme mafuta yakifika joto ulilochagua, tuseme nyuzi 180 za Selsiasi, na kuurudisha yakipoa. Cha pili hukaa kimya kikingojea cha kwanza kishindwe. Mafuta yakipanda kufikia nyuzi 230 hivi, hukata umeme wote, wala hakiurudishi mpaka mtu abonyeze kitufe, mara nyingi chekundu, kilichofichwa nyuma ya mashine au chini ya kifuniko kidogo. Ukikiondoa, unabaki na themostati ambayo pengine imekwisha kuharibika. Na mafuta ya kula yakipita nyuzi 350 hivi yaweza kuwaka yenyewe bila kuguswa na moto.

Basi tutafute sababu. Tazama kwanza swichi kuu ya nyumba. Kama ndiyo iliyoshuka, tatizo ni umeme: mashine ya wati 3,000 huvuta ampea 13 peke yake, na waya mwembamba unaolisha pia friji na birika hauwezi mzigo huo. Lakini kama taa zinawaka na mashine tu ndiyo imezima, tatizo ni joto.

Hapo mara nyingi mafuta ni machache. Koili ni lazima izame yote, na mafuta yafike kwenye alama iliyochorwa ndani. Huku kwetu Ngara kuna na hili la baridi ya asubuhi: mawese na mafuta mengine ya mgando huwa magumu. Ukiyaweka hivyo juu ya koili na kuwasha, yale yanayoigusa huyeyuka na kuacha uwazi, koili ikawaka ikiwa kavu. Yayeyushe kwanza katika sufuria kwa moto mdogo, ndipo uyamimine.

Kisha kuna ukoko mweusi. Hushika koili, hushika na kile kijiti chembamba cha chuma kinachopima joto, nacho kikivikwa ukoko huchelewa kulisikia joto. Chomoa plagi, acha mashine ipoe kabisa, sugua kwa brashi na maji ya sabuni bila kukipinda kijiti, ukaushe vizuri. Sehemu yenye swichi isiingie majini.

Kitufe kibonyezwe mafuta yakiwa yamepoa. Yakiwa ya moto hakishiki. Halafu jaribu kwa mafuta mapya, maana ya zamani hutoa moshi mapema na yatakudanganya. Yakifuka moshi hali swichi iko kwenye 180, themostati imekufa. Umeme ukikatika wakati mafuta yana uvuguvugu tu, swichi ya usalama yenyewe ndiyo imechoka. Vyote viwili hubadilishwa na fundi umeme, kwa kipimo kile kile cha awali.

Mafuta yakishika moto, zima umeme ukutani, funika kwa mfuniko wa chuma, usiufunue upesi. Maji hapana! Lita moja ya maji hugeuka mvuke wa lita 1,700 hivi, nao huyarusha mafuta usoni pako.

Aliyeungua avuliwe pete na bangili mara moja, kidonda kimwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai bichi na unga huharibu tu. Sisi wauguzi huanza kuviondoa huku mgonjwa akilia. Funika kwa kitambaa safi, mwende Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, palipo karibu. Mtoto mdogo apelekwe hata kama lengelenge ni moja, na mwili wake mwingine ufunikwe asipate baridi njiani.