Moshi mweusi sio oda ya valvu

Leo naongea na nyie mnaouza spea za pikapu za dizeli mtandaoni. Mteja akikutumia video gari inatoa moshi mweusi, chini ameandika "valvu ya EGR bei gani boss?", usimtajie bei. Muulize maswali kwanza.

Najua mtasema ukichelewa kujibu mteja anahamia kwa mwingine. Kweli anahama. Ila valvu ukiituma Njombe kutoka hapa Makambako, ikafungwa na moshi ukabaki palepale, inarudi na basi ikiwa na masizi na alama za spana. Hapo utamuuzia nani?

Tuelewane kwanza kazi yake. EGR inarudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani ya injini, unachanganyika na hewa mpya, joto la mwako linapungua, na zile gesi za naitrojeni zinazochafua hewa zinapungua. Kwenye dizeli moshi huo una masizi. Yakikutana na mvuke wa oili yanaganda kama lami, valvu inanasa.

Ikinasa wazi, injini inakosa hewa safi: moshi mweusi, gari nzito mlimani, inatetemeka ikiwa imesimama, mara nyingine inazima. Ikinasa imefungwa, dereva wa dizeli anaweza asihisi kitu kabisa, anaona tu taa ya cheki injini. Kwa hiyo aliyekwambia "gari haina nguvu" na aliyepima kwa mashine akapata P0401 hawana tatizo moja. P0401 maana yake moshi unaorudi ni mdogo kuliko inavyotakiwa, P0402 ni kwamba umezidi. Na huyo wa P0401 inawezekana njia tu imeziba, na valvu mpya haizibui njia.

Sasa utamu uko hapa: moshi mweusi na kukosa nguvu vinaletwa pia na filta ya hewa iliyojaa, mpira wa turbo uliopasuka, au nozeli mbovu. Huku kwetu ongeza na urefu wa nchi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kama kwa moja ya tano ukilinganisha na Dar. Pikapu imejazwa viazi Uwemba kipindi cha vumbi, filta haijaguswa tangu mvua ziishe, halafu mtu anashangaa inafuka!

Mimi nauliza hivi. Moshi unatoka muda wote au ikiwa na mzigo tu? Filta ilibadilishwa lini? Ukikanyaga mafuta unasikia mluzi? Fundi ameifungua valvu akaiona kwa macho, au kasikiliza tu mlio? Halafu naomba picha ya valvu yenyewe na namba zake, sio picha ya gari. Hilux zinaweza kufanana nje kabisa, moja valvu yake inavutwa na vakyumu, nyingine ya umeme, na nyingine haina EGR kabisa.

Kama ni ya vakyumu kuna kipimo cha bure. Fundi achomoe ule mpira mdogo juu ya valvu, azibe ncha yake, awashe gari. Moshi ukikata, valvu inafunga vizuri, atafute kwenye kinachoiamuru. Ukiendelea vilevile, aifungue. Akikuta imekwama wazi, asafishe kwanza kwa dawa ya kabureta, aweke gasketi mpya. Akikuta imefunga vizuri, basi aiache, ugonjwa uko kwingine. (Ya umeme dawa isiingie kwenye mota.) Ndio, hapo umeuza gasketi na kopo la dawa badala ya kitu cha laki kadhaa.

Kuna jamaa wa Njombe anayebeba viazi alitaka kunitumia hela ya valvu usiku uleule, hela ya kikundi, mkopo. Nikamwambia subiri asubuhi, mwangalie mpira wa turbo. Ulikuwa umepasuka chini ya klampu, ukiwa umesimama pembeni huuoni. Nikamuuzia mpira.

Kigumu zaidi ni fundi, maana yeye ndiye anayetuletea wateja. Ukimpinga mbele ya mwenye gari umempoteza, na anaondoka na wateja wote wa gereji yake. Mimi namuomba mteja namba ya fundi, nampigia mwenyewe pembeni: "Fundi habari ya kazi, nisaidie kitu kimoja kabla sijatuma mzigo." Wengi wanapima na hawanuni. Anayekataa hata kuchomoa mpira mmoja, mzigo wake situmi. Huwa anapata duka lingine, na mie sigombani naye.

Kuhusu wanaoziba njia kwa kibati ili kesi iishe: kwa kupima sawa, kwa kudumu sikiuzi. Gari nyingi zitawasha taa, na mteja atarudi kwako sio kwa fundi.

Kwenye posti zangu zote za valvu nimeweka mstari huu, mnaweza kuuchukua: "Tuma picha ya valvu yako ikiwa imefunguliwa kabla ya kulipia. Kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari hakirudishwi."