POSHO SI UNGA TUPU



Katika mkutano wa tawi neno la posho ya mchana lilizuka tena, na maneno yakawa mengi kuliko saa. Wengi wenu mwataka fedha mkononi badala ya chakula. Mimi ni katika wale wachache wanaotaka chakula, tena kiandikwe katika mkataba. Kwa kuwa mkutanoni mtu hupewa dakika mbili tu, naomba nafasi katika karatasi hii nieleze sababu zangu.

Kwanza yafaa tufagie uwongo. Siku hizi stendi ya matatu na simu zetu zimejaa watu wauzao unga wa kusafisha figo, maji ya kuosha ini na mizizi ya kuzibua mishipa ya moyo. Wengine watuambia maharagwe ni dawa ya figo kwa kuwa yana umbo la figo. Kama umbo ndilo dawa, basi ndizi zingetibu vidole. Hakuna chakula kinachokwenda kwenye kiungo kimoja kama barua iendayo kwenye sanduku lake la posta. Chakula huingia katika damu, na damu huzunguka mwili mzima. Lakini ni kweli kwamba viungo fulani huumia upesi zaidi kikikosekana kitu fulani, na hapo ndipo Kakamega yetu ina mali ambayo twaipita sokoni kama vipofu.

Tutazame damu. Hii ni nchi ya malaria, na malaria huharibu damu. Damu yataka madini ya chuma ili ijengwe tena, na chuma kimo katika saga, terere, kunde na maharagwe. Sasa mfanyakazi hunywa chai na mandazi saa nne, na saa saba hula ugali kwa mboga kidogo, akateremsha kwa chai nyingine. Chai hiyo humzuia mwili usikipate chuma cha mboga. Chungwa, pera au ndimu husaidia kukipata. Basi chai na ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Nasema haya nikijua nitachukiwa, maana watu wa huku na chai yao hawaachanishwi.

Macho yataka vitamini A, nayo imo katika mboga za kijani kibichi, papai, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa wataalamu wanne, na watatu kati yao walipewa kwa kazi ya viazi hivyo. Mmoja wao ni jirani yetu Robert Mwanga wa Uganda. Mboga hizo zikipikwa kwa simsim au njugu mwili huipata vitamini hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa yahitaji mafuta. Bibi zetu walifanya hivyo bila kuambiwa na daktari. Kwa mifupa, wimbi una kalisi mara nyingi kuliko mahindi, na omena huliwa na mifupa yake yote. Miaka mingi vyakula hivi viliitwa vya maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa huku kwetu magharibi, amezitetea mboga hizi kwa utafiti wake, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili. Ndipo hoteli kubwa zikaanza kuuza mrenda kwa bei ya nyama!

Nakuja kwenye ini, na hapa naomba msome polepole. Mahindi yakivunwa Agosti huku mvua ya alasiri ingali ikinyesha, nayo yakaanikwa vibaya, huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Kuyapika hakuiondoi. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Basi swali la posho si kilo ngapi tu. Ni mahindi ya namna gani. Na ni nani atakayefungua gunia alitazame?

Na figo. Wakata miwa wa Nikaragua na El Salvador wamekufa kwa wingi kwa ugonjwa wa figo, wengi wao vijana, na joto pamoja na kazi nzito bila maji na mapumziko ya kutosha yatajwa kuwa sababu kubwa. Kwetu miwa imepandwa mpaka mlangoni tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973. Jua ni lile lile, na panga ni lile lile. Dawa ya figo ya mkata miwa ni maji safi na kivuli, na chumvi isiyopita kijiko kimoja cha chai kwa siku, maana chumvi nyingi hupandisha presha, na presha huua figo na moyo pamoja.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Hilo si hisani. Lakini kifungu cha 33 chasema mwajiri atawalisha vizuri pale tu ambapo chakula kimekubaliwa waziwazi katika mkataba. Kisipoandikwa, hatuna dai. Tukichukua fedha, neno la chakula limefutwa, na bei ya sukuma ikipanda mwezi ujao hakuna wa kumwuliza.

Wanaotaka fedha wana hoja, sikatai. Mahali nilipofanya kazi zamani tulilishwa maharagwe yenye wadudu, na mpishi aliuza mafuta nje. Lakini jiko baya hurekebishwa kwa kamati ya wafanyakazi yenye haki ya kuingia stoo na kukataa gunia. Nataka kamati hiyo iandikwe katika mkataba, na maharagwe, mboga za kienyeji na tunda viandikwe kwa majina, pamoja na saa nzima ya kula.

Pendekezo hili nitalileta kwa maandishi mkutano ujao. Anayetaka fedha naye na alete hesabu yake: shilingi ngapi kwa siku, na kwa shilingi hizo atanunua nini sokoni Kakamega saa saba mchana.

Mwanachama, Kakamega