Katika 2048, tadbiri hutangulia bahati

Ndugu mwandishi, makala yako nimeisoma kwa raha, ila pale uliposema kwamba mchezo wa 2048, ule wa kusukuma namba ili zinazolingana ziungane, aghalabu huamuliwa na bahati sikuafikiana nawe, kwani kwenye ubao ule aliouunda Gabriele Cirulli mwaka 2014, wenye vyumba 16 tu, kila hatua huleta ama 2, nayo ndiyo hutokea mara 9 katika 10, ama 4, hivi kwamba mwenye kufika 2048 huwa amesukuma zaidi ya mara 900, na katika safari ndefu kiasi hicho bahati ya hatua moja haina uzito mkubwa. Mimi namba kubwa huifungia kwenye kona ya chini kushoto, nikaipangia jirani zake katika safu ya chini kwa taratibu ya kushuka, hivi kwamba safu isomeke 512, 256, 128, 64, na maadamu safu hiyo imejaa namba zisizolingana, nasukuma kushoto na kulia bila hofu, kwa kuwa haitikisiki. Nanyi wasomaji wenzangu mnaohimiza kusukuma upesi upesi, tazameni mtu asukumapo juu mara moja tu kwa pupa hiyo: namba kubwa huweza kupanda, na 2 ikazuka kwenye kona ile ile, na kuitoa hapo ni kazi nzito ilhali nafasi zimekwisha. Hata jozi ya 8 iliyo tayari kuungana, wakati mwingine ni aula kuiacha ingoje, mpaka 16 itakayozaliwa iwe imepakana na 16 nyingine.