Kosa Liko Mguuni

Husemwa hapa Musoma kwamba magari ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ni ulaghai. Nakataa. Juzi kijana alinipeleka Bunda akilalamika hivyo hivyo, huku akikanyaga mafuta hadi mwisho na kufunga breki ghafla kwenye kila tuta. Ukiachia mafuta mapema, mota hugeuka jenereta ikajaza betri. Ukifunga breki ghafla, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea kama joto. Na ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye njiapanda ya Butiama nilimwomba apunguze mwendo, akacheka. Wanachuo wangu niliwaambia: asiyefungua kitabu asikilaumu. Tumenunua gari la kubana matumizi, usukani tumemkabidhi mbadhirifu.